Viti vya Nyuma ni vya Nani?

"Mzee, chaja si tutaifunga kule nyumbani kwenu Gahanga?"

Hayo ndiyo maneno ya Rodney, muuza magari, pale yadini kwake, tulipoachana wiki iliyopita kwenye gazeti hili. Najua mmenilaani. Mama mmoja alinikamata sokoni Kimironko, nyanya mkononi, akaniuliza kama nina roho kweli. Ninayo, mama. Ila hata mimi nilihitaji wiki nzima kupumua, kwa sababu Kabagwira haishi Gahanga.

Anaishi Kicukiro, nyuma ya Sonatubes, na mumewe wa ndoa ya kanisani, Cyriaque, muuza vigae. Hapo ndipo nyumbani kwao. Nyumbani kwingine hakujui.

Haya, tuendelee.

"Gahanga?" Kabagwira akauliza.

Cyriaque akakohoa, akatazama tairi la gari kama mtu aliyepoteza kitu pale chini. "Huyu kijana amechanganya wateja, Mama Kamikazi. Iko na wateja wengi."

"Sijachanganya, mzee," Rodney akasema kwa adabu zote, mikono nyuma. "Fundi wetu alishapita kupima umeme. Nyumba ya geti la bluu, chini ya uwanja wa kriketi. Au nimekosea?"

Cyriaque akainama tena kwenye tairi.

Hapo sasa ndipo mjue tofauti ya gari la petroli na gari la umeme. La petroli ni rafiki wa wanaume. Linakunywa kituo chochote, linalala kokote, halisemi. La umeme lazima likuulize kwako ni wapi, maana linakula pale pale linapolala. Mwanaume mwenye kwake kuwili asijaribu kulinunua.

Na mnakumbuka ni nini kilichomfikisha Kabagwira kwenye yadi ile ya Kacyiru. Ni Kayitesi tu. Kayitesi wa ofisi moja naye, mwenye sauti ya juu kwenye kwaya na kwenye kila kitu kingine, aliyekuja kazini na gari jipya la umeme, jeupe, akaliegesha ubavuni mwa kigari cha Kabagwira. "Mpenzi," akamwambia mbele ya watu, "hiki chako bado kinakohoa?"

Wivu kidonda, wahenga walisema. Kabagwira akaanza kujikuna usiku na mchana. Akataka la umeme, kubwa kuliko la Kayitesi, na litoke kwa muuzaji yule yule.

Cha ajabu, Cyriaque hakubisha. Cyriaque huyu anayebishana hata kununua birika! Alisema sawa, sheri wangu, ila liwe la viti saba.

Viti saba! Watoto wao ni wawili. Kamikazi anasoma uuguzi Huye, na mdogo wake Clovis yuko bweni. Watu wanne, viti saba. Wakati ule Kabagwira alidhani mumewe anampenda. Sasa, amesimama kwenye yadi na jina la Gahanga masikioni, akavitazama viti vile vya nyuma kabisa, akavihesabu upya.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Mama, kwa kawaida tunazunguka hapa hapa Kacyiru..." Rodney akaanza.

"Kijana. Nipe."

Akapewa. Akakaa kwenye usukani, Cyriaque pembeni yake, Rodney nyuma yao. Gari likaondoka bila mlio, na ukimya ule ukazidisha ubaya. Kwenye gari la zamani angalau injini ingewasaidia kugombana.

"Hili lina viti saba," Kabagwira akasema wakishuka kuelekea Kimihurura. "Nihesabie watu, Baba Kamikazi."

"Wageni, bana. Watu wa kwaya. Siku za harusi."

"Watu wa kwaya wana magari yao. Mmoja ana la umeme, kama hujasikia."

"Mama, ona," Rodney akaingilia, akionyesha skrini kubwa ya katikati. "Tukiteremka umeme unapanda. Gari linajichaji lenyewe. Kigali iko milima, kwa hiyo ni faida."

Siku nyingine Kabagwira angefurahi, angetafuta namna ya kumwambia Kayitesi. Leo hakutazama hata skrini.

"Na kiti cha mtoto?" Rodney akaendelea. Mbona kijana huyu anaongea sana leo? "Kwa familia ni muhimu. Kinafungwa pale safu ya katikati, kuna vyuma viwili."

"Lakini cha mtoto wa miezi miwili kinageuzwa, kinatazama nyuma," Cyriaque akasema. "Shingo yake bado laini."

Yesu na Maria! Maneno yalipotoka, Cyriaque mwenyewe aliyasikia. Akafumba macho.

Clovis ana ndevu changa, jamani. Kamikazi yuko chuo kikuu. Mwanaume huyu, aliyelea watoto wawili bila kubadilisha nepi hata moja, amejulia wapi shingo ya mtoto wa miezi miwili?

"Una mtoto," Kabagwira akasema.

"Mama Kamikazi, tuongee nyumbani."

"Nyumba ipi? Ya Sonatubes au ya Gahanga?"

Sasa niwakumbushe jambo. Hawa wawili Kiswahili ndicho walichotongozana nacho, yeye Kabagwira amekulia Mwanza, Cyriaque amekulia Buyenzi kule Bujumbura. Kinyarwanda wanacho, tena kizuri, ila ni cha wageni na cha ofisini. Mapenzi na ugomvi ni kwa Kiswahili. Na cha Mwanza, mwanamke akikasirika, hakina breki.

"Ndiyo maana unarudi jioni unanuka poda! Mimi nikasema vigae vina vumbi jeupe, kumbe ni poda ya mtoto! Mjinga mimi! Nakufulia mashati, namfanyia mwanamke mwenzangu kazi yake!"

"Punguza, mama, Sofia!" Rodney akapiga kelele.

"Sofia ndiye nani tena?"

"Kamera, mama! Kamera ya barabarani!"

Kweli, ile kamera ambayo Kigali nzima tunaiita Sofia ilikuwa imesimama pale ikimtazama. Kabagwira akakanyaga breki. Hata kamera ina jina la kike, akawaza, wanawake wote wa mji huu wamepangwa barabarani kunivunjia nyumba.

Wakafika Sonatubes. Motari wamejipanga na pikipiki zao, taa nyekundu. Kulia ni kwao, kwenye sebule yake, kwenye picha ya harusi. Kabagwira akaitazama njia ile. Machozi yakaanza kumtoka.

"Niunganishie simu," akamwambia Rodney. "Nataka kuongea na mwanangu."

"Na nani?" Cyriaque akashtuka.

"Na Kamikazi. Ana haki ya kujua baba yake ni mtu gani. Yule ndiye rafiki yangu pekee aliyebaki."

"Usimpigie! Mtoto yuko masomoni!"

"Unamwogopa eeh?"

Simu ikaita kwenye spika za gari zima. Ikapokelewa.

"Mama?"

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko... niko hospitali, mama. Huku Huye. Kwenye mazoezi ya uuguzi."

Na nyuma ya sauti yake mtoto mchanga akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Cyriaque akashika mlango wa gari kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine.

"Wodi ya wazazi hiyo?" Kabagwira akauliza.

"Ndiyo, mama. Wodi ya wazazi."

"Masikini. Fanya kazi yako, nitakupigia tena. Leo mama yako anahitaji nguvu."

Taa ikawa kijani. Kabagwira hakukunja kulia. Akanyoosha, Kicukiro Centre ikapita, Nyanza ikapita.

"Umeme utaisha," Cyriaque akasema kwa sauti ndogo. "Tutakwama huko."

"Umeme iko, mzee," Rodney akajibu kutoka nyuma. "Gari halikuchajiwa sana leo, lakini wa Gahanga iko."

Cyriaque akageuka akamtazama kijana yule kwa jicho ambalo, kama lingekuwa risasi, leo tungekuwa tunazika. Kabagwira aliliona jicho hilo kwenye kioo. Hakulielewa. Lishikeni ninyi.

Gahanga. Migomba upande mmoja, nyumba mpya za matofali na bati jipya upande mwingine. Geti la bluu lilikuwapo, na lilikuwa wazi. Uani kamba, na kwenye kamba nepi zimeanikwa, nyeupe, nyingi, zimepangwa vizuri na mtu anayejua kuanika.

Wanawake mlio na waume, niambieni. Ni kitu gani kinauma kama nepi za mtoto usiyemjua, zilizonunuliwa na mtu unayemjua?

Kabagwira akashuka. Akasimama mbele ya kamba ile.

"Baba Kamikazi, umenifanyia nini? Mimi nilikunyima nini?" Hakuwa anapiga kelele tena. "Ungeniambia nimezeeka. Ungeniambia nimenenepa. Ningejua. Lakini nyumba nzima, na nepi?"

"Mama Kamikazi, nisikilize..."

"Usiniguse."

Akafika mlangoni akasimama. Hakuweza kubisha. Nani anajua kubisha mlango wa mke mwenzie? Akatoa simu, akampigia tena mwanawe. Alitaka kumwambia, njoo Kigali leo hii, panda basi la kwanza, nimemfumania baba yako na peke yangu siwezi.

Simu ikaita.

Ikaita sikioni mwake, na ikaita ndani ya nyumba.

Wimbo wa kwaya. Kwaya yao wenyewe, sauti ya Kabagwira ikisikika wazi pale kwenye kiitikio. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeweka wimbo ule kwenye simu yake.

Mlango ukafunguka. Kamikazi, kitenge kifuani, chupa ya uji mkononi.

Mama na binti wakatazamana.

Na sasa mtaona wivu unavyompofusha mtu. Mimi na ninyi tumeshaelewa, sivyo? Kabagwira hakuelewa. Aliona uji. Sisi hapa tukisikia mtu amejifungua tunakwenda kumhemba, tunampelekea uji na maziwa ili apate nguvu. Basi akili ya Kabagwira ikaona jambo moja tu: binti yake mwenyewe amekuja kumhemba mwanamke wa baba yake!

"Na wewe!" akasema. "Na wewe Kamikazi unajua! Unamletea uji!"

"Mama..."

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mke wa baba yako!"

Akampita kwa kishindo. Sebuleni viti viwili vya plastiki. Jikoni sufuria moja. Chumbani kitanda kimoja, na juu yake mtoto amelala, ngumi mbili usoni. Kabagwira akafungua kabati. Akachungulia chini ya kitanda, yeye, mwanamke wa heshima wa Kicukiro, magoti chini, sketi ya ofisini. Akakuta ndala. Akazitambua. Alizinunua mwenyewe, mwaka jana, siku ya kumpeleka Kamikazi chuo.

Alibaki pale pale sakafuni.

"Hakuna mwanamke mwingine, mama," Kamikazi akasema kutoka mlangoni. "Ni mimi."

Mtoto akajinyoosha, akapiga chafya.

Mngetegemea Kabagwira afurahi. Mume wake ni mwaminifu! Hana mke mwenzie! Ndoa yake ni nzima! Lakini mimi nawaambia alivyokuwa. Ule wivu haukutoka. Ulihama tu kiti, ukakaa mahali panapouma zaidi.

"Ulimwambia yeye," akasema. "Baba yako. Mwanaume asiyejua hata nepi inaanzia wapi. Ulimwambia yeye, mimi ukaniacha."

"Nilikuja kukuambia wewe kwanza."

"Lini?"

"Mwaka Mpya. Ulikuwa jikoni unakaanga ndizi, unaongea na Mama Johnson wa jirani, binti yake alikuwa amepata mimba. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ukamwambia, wangu akinifanyia hivyo asikanyage mlango wangu. Nikarudi chumbani. Baba akanikuta nalia."

Kabagwira alikumbuka. Alikumbuka ndizi zile, na alikumbuka kwamba alisema kwa sauti, ili jirani ajue Kabagwira ana malezi.

"Ni maneno ya jikoni tu," akasema.

"Mimi ningejuaje, mama?"

Cyriaque alikuwa ameingia, kofia mkononi. "Kila wiki nasema nitakuambia," akasema. "Naogopa. Nikasema tukipata gari la viti vingi, ipo siku nitawapakia wote, nitawaleta nyumbani, utakuwa huna la kufanya. Ni akili ya mwoga, sheri. Najua."

"Na kama huyu kijana asingekosea pale yadini, ningejua lini?"

"Sikukosea, mama."

Wote wakageuka. Rodney alikuwa amesimama sebuleni. Hakuwa na lile tabasamu la kuuza magari.

"Hakuna fundi aliyepita kupima umeme hapa. Nilitunga. Na kiti cha mtoto nilikitaja makusudi. Mzee alinikataza kusema. Kila Jumamosi ananiambia subiri, subiri." Akapiga magoti, suruali yake safi, sakafu ya saruji. "Mama, mtoto ni wangu."

Banange! Nilisema mlishike lile jicho la Cyriaque.

Kabagwira akamtazama kijana. Akamtazama Kamikazi, ambaye alikuwa anamtazama kijana, na kwa namna alivyokuwa anamtazama hapakuhitajika maelezo. Wote walijuana. Mume wake, binti yake, mpaka muuza magari. Nyumba nzima ya watu imekaa kwenye siri, yeye peke yake nje ya mlango anahesabu nepi.

Akaenda kitandani. Akamwinua mtoto, mkono chini ya shingo, maana shingo yake bado laini. Akamnusa kichwani. Poda ile ile.

"Anaitwa nani?"

"Bado," Kamikazi akasema. "Baba alitaka kumpa jina. Nikamwambia jina ni lako."

Hapo Kabagwira akalia sawasawa, kwa sauti, mtoto mikononi, na sitawaelezea kilio cha mama wa watu kwenye gazeti. Alipomaliza akajifuta kwa nepi safi.

"Kamikazi, chukua vitu vya mtoto. Unakaa mbele, karibu yangu. Mtoto safu ya katikati."

"Kiti chake iko, mama," Rodney akasema. Akakimbia kwenye buti akakitoa. Alikuwa nacho humo tangu asubuhi, mjanja yule.

"Na mimi nikae wapi?" Cyriaque akauliza.

"Wewe si ndiye uliyetaka viti saba?" Kabagwira akamfungulia mlango. "Nyuma kabisa. Wewe na huyu. Magoti kifuani."

Wakaingia, wanaume wazima wawili, wamekunjamana kama nguo za mnada. Kamikazi alicheka kidogo, akaziba mdomo.

"Sasa, kijana," Kabagwira akasema, usukani mikononi. "Kwenu ni wapi? Najua desturi. Wazee wenu ndio wangekuja kwetu. Lakini miezi miwili imepita sijaona mtu mlangoni kwangu. Leo nakwenda mwenyewe kwa baba yako."

Rodney akatazama magoti yake kule nyuma.

"Baba hayuko nyumbani, mama."

"Yuko wapi?"

"Nilimwomba aje kwenu. Akasema mama wa binti hajui kama ana mjukuu, sasa nitabisha mlango gani? Irembo, yaani lango la kuombea mchumba, lisilo na mama si irembo." Rodney akashika kiti cha mbele yake. "Akakasirika. Akanitafutia kwingine. Saa hizi yeye na wazee wamekwenda kufata irembo kwa watu. Kuomba ruhusa ya kuniletea mke. Ndiyo sababu nilikuwa lazima niseme leo."

Kamikazi akageuka ghafla. Hilo hata yeye hakulijua.

"Kwa watu gani?" Kabagwira akauliza polepole.

"Kwa mteja wangu mmoja. Baba alimwona siku alipokuja kuchukua gari lake, akampenda sana binti yake."

"Gari gani?"

"La umeme, mama. Jeupe." Sauti yake ikawa haisikiki vizuri. "Binti anaitwa Natacha."

Natacha. Natacha wa Kayitesi!

Kwa hiyo muda huu, wasomaji wangu, Kayitesi ameketi sebuleni kwake Kacyiru, kitambaa kipya kwenye meza, anawamiminia wazee soda. Kayitesi wa gari jeupe. Gari alilipata kwanza, na sasa anataka kumchukua hata baba wa mtoto huyu aliyelala hapa safu ya katikati, asiye na jina.

Kabagwira hakupiga kelele. Alirekebisha kioo, akamwona mjukuu wake.

"Rodney."

"Naam, mama."

"Umeme umebaki kiasi gani?"

Kijana akanyoosha shingo kutoka huko nyuma, akasoma skrini. "Wa kufika Kacyiru unatosha, mama. Kuna mlima. Wa kurudi ndio sijui."

"Nani kakuambia tunarudi?" Kabagwira akasema. "Fungeni mikanda."